Vyombo vya Shangazi Vilipopelekwa Mnadani

Shangazi yangu hakuacha mtoto wala shamba. Aliacha vyombo.

Nikisema vyombo, mtu anaweza kufikiria sufuria nne na vikombe vya kuhesabika. Sivyo. Nyumba aliyoolewa ilikuwa nyumba ya wageni tangu enzi za misafara. Babu wa mumewe alifika Tabora na msafara kutoka pwani, akachoka kutembea, akajenga, na watu waliokuwa wakienda Ujiji au wakirudi walikuwa wakipumzika kwake siku tatu, siku nne. Wageni hao walikwisha kupita zamani kabla sijazaliwa, lakini vyombo vyao vilibaki, na shangazi akaviongeza. Alipenda sahani jinsi wanawake wengine wanavyopenda khanga. Mtaani kwao Mtendeni hapakufanyika harusi wala hitima bila mtu kutumwa kwake kuazima, naye hakuwa na daftari. Alichofanya ni kupaka tone la rangi ya kijani chini ya kila chombo, rangi iliyobaki walipopaka madirisha yao, basi. Akikupa, amekupa. Ukirudisha, anashukuru.

Miaka yake ya mwisho aliugua miguu, tukamleta kwetu, na chumba cha vyombo kule kwake kikafungwa kwa kufuli. Alifariki mwaka ule ambao watu wa vijijini walikuwa wakihamia vijiji vya Ujamaa, na barabara ya kuingia mjini ilikuwa ikipita malori yaliyojaa milango, vitanda na kuku. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijaolewa, napokea simu katika ofisi ya stesheni.

Baada ya arobaini, ndugu za marehemu mumewe waliandika kutoka Ujiji barua ya adabu sana. Nyumba ni ya upande wao na kuna kijana wao anakuja kuishi. Vyombo ni vya shangazi, kwa hiyo ni vya baba, kaka yake pekee aliyebaki. Wangeshukuru kama chumba kingekuwa wazi kabla ya mvua.

Baba alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, na nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na kibanda cha jiko. Mama alipomaliza kusikiliza barua aliuliza swali moja tu, kwamba vyombo vile vikiingia, sisi tutatokea wapi.

Jumapili moja mimi na baba tulikwenda kufungua. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, baba akalipaka mafuta ya cherehani. Ndani kulikuwa na rafu hadi darini. Sahani za maua ya bluu zilipangwa dazeni kwa dazeni. Kulikuwa na masinia ya shaba, madele saba ya kahawa, na sufuria mbili ambazo mtoto wa miaka mitano angeweza kukaa ndani akaogeshwa. Kulikuwa na mashine ya kusagia nyama bado imo kwenye karatasi ya dukani, na sanduku lenye seti ya chai iliyolazwa kwenye majani makavu, haijawahi kuguswa na maji. Niliuliza shangazi alikuwa akiiweka kwa ajili ya nani. Baba alisema hajui, labda kwa mgeni ambaye hakufika. Halafu akakaa juu ya sanduku lile akacheka peke yake, akaniambia kuwa dada yake alipokuwa mdogo alikuwa akifinyanga sahani za udongo na kuzianika juani, na yeye alichapwa kwa kuzikanyaga.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kugawa. Lakini agawe vipi? Akimpa huyu sinia, yule atanuna. Wazo la pili lilikuwa kuuza mwenyewe, na hilo mama alilikataa kwa kumtazama tu. Baba hakuweza kutaja bei mbele ya mtu. Hata suruali aliyoshona kwa siku mbili, mteja ndiye aliyesema atalipa nini, na baba akaitikia. Ndipo mimi nikasema tumpelekee dalali.

Dalali wa mnada alikuwa na ghala karibu na soko, na kila Jumamosi aliuza humo mali za watu waliohamishwa kikazi, waliofilisika au waliofariki. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ndogo unapozungumza naye kawaida. Alikuja, akazunguka chumba chote, akafuta sahani moja kwa kiganja, akaigonga kwa kucha na kusikiliza mlio wake.

"Fundi," alimwambia baba, "kwa nini ulinificha haya miaka yote?"

Walikubaliana kwamba yeye atachukua sehemu moja katika kumi. Vyombo vitahamia kwetu kwanza, tuvioshe na kuvihesabu, kisha mkokoteni wake utavichukua Ijumaa ya wiki ya pili. Kesho yake kwenye ubao wa mbele ya ghala palikuwa na maandishi ya chaki: vyombo vya marehemu, vya zamani na vipya, vyote vitauzwa. Alitaja mtaa na nyumba. Mtendeni nzima ilijua ni nani.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Sisi tulidhani tumeanza kupunguza.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yetu muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye haraka, ambaye kwa kawaida hodi yake na kuingia kwake vilikuwa kitu kimoja. Siku hiyo alisimama nje. Alikuwa na kikapu kichwani, na ndani yake sahani sita za maua ya bluu.

"Shikamoo, Fundi," alisema. Baba akaitikia marahaba. "Hizi ni za marehemu. Niliazima harusi ya binti yangu."

Binti mwenyewe alikuwa na watoto watatu wakati ule. Baba alimwambia akae nazo, dada yake asingezidai. Yule mama alikataa katakata. Alisema amesoma ubao wa dalali, umeandikwa vyote, na yeye hawezi kulala na sahani sita ndani ya nyumba yake wakati nyingine zinakwenda mnadani. Tena hakuzileta tupu. Juu yake kulikuwa na vitumbua vimefunikwa kwa kitambaa.

Mchana akaja mzee mmoja wa msikitini na dele la kahawa, lina tone la kijani chini, na ndani lina tende. Jioni wakaja ndugu wawili waliobeba sinia katikati yao kama machela. Siku ya pili niliporudi kutoka kazini sikuweza kupita barazani. Kulikuwa na mabakuli, birika, mbuzi ya nazi, makawa ya kufunikia chakula, na mwanamke nisiyemjua akimweleza mama kwamba chujio lile liliazimwa na marehemu mama mkwe wake, ambaye aliusia lirudishwe, na wao wakasahau kwa miaka kumi na moja. Siku ya tatu wakinamama wa kwaya ya kanisa walileta sufuria kubwa ya tatu kwa mkokoteni, wanaisukuma huku wanaimba. Shangazi aliwaazima Krismasi moja. Sisi hatukujua kama alikuwa na sufuria ya tatu.

Na kwa kuwa kwetu mtu harudishi chombo cha kuazima kikiwa kitupu, mama hakupika wiki ile nzima. Tulikula maharage ya nyumba hii, mchicha wa karanga wa nyumba ile, matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, wali, ubwabwa wa mgonjwa, kila kitu. Baba alikaa nyuma ya cherehani yake kama mtu aliyejengewa ukuta. Wateja walimpitishia vitambaa juu ya masufuria.

"Tulikuwa na chumba kimoja cha vyombo," aliniambia. "Sasa tunavyo viwili. Huyu dalali anatuuzia au anatununulia?"

Hakuwa na hasira. Nilimwona akisimama kila mgeni alipokuja, akipokea chombo kwa mikono miwili, akikigeuza kutazama tone la kijani. Kuna mama mmoja kikongwe alileta sahani tatu zisizo na tone lolote. Zilikuwa sahani nyingine kabisa, nyeupe, za bati. Baba alimwambia kwa upole kwamba hizi si za dada yake. Kikongwe akasema anajua. Zile za dada yake zilivunjika, hizi ni badala yake. Baba alitaka kumrudishia, mama akamkanyaga mguu. Zikaandikwa kwenye orodha.

Mama ndiye aliyebadilika zaidi. Mwanzoni alikuwa akihesabu siku tu, lini mkokoteni utafika. Lakini kila aliyerudisha chombo alikaa, na kila aliyekaa alisimulia. Mama na wifi yake hawakuwa wameelewana sana wakati wa uhai wake. Shangazi alikuwa mtu wa maneno machache na mama alimwona ana majivuno. Jioni moja tukiwa tunaosha sahani aliniambia kwamba ameishi na yule mwanamke nyumba moja miaka minne, na hajui hata robo ya haya anayoyasikia.

Ijumaa mkokoteni wa dalali ulikwenda na kurudi mara tano. Jumamosi asubuhi tulivaa nguo za sikukuu, baba akavaa kanzu, tukaenda mnadani.

Ghala lilikuwa limejaa. Walikuwapo wenye maduka na watumishi wa serikali waliokuja kutafuta vitu vya bei nafuu. Mbele kabisa alikuwapo mwenye hoteli ya karibu na stesheni, mtu mwenye tumbo na fimbo, aliyejulikana kununua vyombo kwa wingi. Upande wa kulia walikaa wakinamama wa mtaani kwetu, wengi sana, wamekaa pamoja chini kwenye mikeka kama wako shughulini. Karibu na mlango walisimama watu wanne wa kijijini, wanaume watatu na mwanamke mmoja, miguu yao ina vumbi jekundu la safari. Dalali alitujulisha kwao. Walitoka kijiji kipya cha Ujamaa upande wa Igalula, walikuja kwa gari moshi. Walitusalimu kwa Kinyamwezi, mwangaluka, na baba, ambaye mama yake alikuwa Mnyamwezi, akawajibu vizuri wakafurahi.

Dalali alipanda juu ya sanduku, akapiga kengele, na ile sauti yake ndogo ikatoweka. Sijui aliihifadhi wapi siku za wiki. Madele ya kahawa yalikwenda haraka. Mashine ya kusagia nyama ilichukuliwa na mwalimu. Kisha akainua taa ya kioo ya mezani, nzuri, yenye shingo ndefu, na watu wakawa baridi. Mtu mmoja alitaja shilingi mbili.

"Mbili!" dalali aliita. "Shilingi mbili kwa taa iliyomulika wasafiri wa Ujiji. Nani ananipa tatu?"

Akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili.

"Sita," ilisema sauti pembeni yangu.

Alikuwa baba. Alikuwa amenyoosha mkono juu kama mwanafunzi, uso umemwiva. Dalali alimtazama, nadhani alifikiri baba anamsalimu mtu. Akaita sita, hakuna aliyeongeza, akagonga.

Baba alifanya hivyo tena kwa kibakuli cha sukari, na tena kwa sinia lililopinda. Bei ikiwa ndogo hakuweza kuvumilia. Aliona ni kama dada yake anadharauliwa hadharani. Mara ya nne dalali aliteremka kutoka kwenye sanduku, akamjia, akainama.

"Fundi, haya ni mali yako," alimwambia taratibu. "Unanunua mali yako mwenyewe, na mimi nachukua fungu langu juu yake. Ukiendelea hivi, jioni utarudi na vyombo vyote na utanilipa mimi."

Watu wa mbele walisikia wakacheka, baba naye akacheka mpaka akatoa leso. Mama alimshika mkono wa kulia na hakuuachia mpaka mwisho wa mnada. Vile vitatu vilibaki vyetu, na dalali kwa wema wake hakukata kitu.

Zikaja sahani za maua ya bluu. Dalali alikuwa ameamua kuziuza zote pamoja, na pamoja nazo mabakuli, masinia na vikombe. Mwenye hoteli aliinua fimbo, akasema mia moja. Nilidhani mambo yameisha, kwa sababu nani mwingine angetaka sahani mia na kitu?

"Mia na kumi," alisema muuza vitumbua kutoka kwenye mkeka.

Mwenye hoteli akageuka kumtazama. Akasema mia na ishirini. Muuza vitumbua akasema mia na thelathini, na nikaona mkononi mwake pembe ya khanga iliyofungwa fundo kubwa kama chungwa. Walikuwa wamechanga. Kumbe wiki ile yote, waliporudisha vyombo kwetu, walikuwa wakitoka hapo na kukutana kwake, kila mmoja anatia alichonacho. Hawakumwambia baba, kwa sababu walijua angewapa bure, na walishakubaliana hawataki bure.

Bei ilipanda mpaka mia mbili na hamsini. Mwenye hoteli alifuta jasho. Akamuuliza yule mama, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, yeye ana hoteli gani.

"Mimi sina hoteli," alijibu. "Lakini binti yako wa pili ulimwoza kwa sahani zipi?"

Watu wote wa Mtendeni waliokuwa mle ndani walijua ni sahani zipi. Mwenye hoteli alitazama fimbo yake kidogo, akaishusha, akasema basi, wakinamama wachukue. Kisha, na hili lilinifurahisha kuliko yote, akatoa noti ya shilingi ishirini mfukoni, akaipeleka mkekani, akasema naye ahesabiwe.

Sufuria tatu kubwa zilikuwa za mwisho. Wale watu wa kijijini walisogea mbele. Mwanamke wao ndiye aliyetangulia kutaja bei, shilingi tisini. Fundi bati mmoja wa mjini akataja mia. Nilisikia baadaye alitaka kuzikata atengeneze ndoo. Yule mwanamke akawatazama wenzake, wakanong'ona, wakatoa mia na tano na ilionekana wazi hawakuwa na zaidi. Dalali aliwauliza, kama mtu anayepiga soga tu, sufuria hizo ni za kazi gani. Mwanamke akaeleza kwamba wakilima shamba la kijiji wanakuwa watu mia na hamsini, na kila mmoja anakwenda kula kwake, wengine kwao ni mbali, wakirudi jua limekuwa kali na kazi imelala. Wanataka wapike mahali pamoja.

Dalali akamgeukia fundi bati. Yule fundi bati akasema haongezi.

Sijawahi kusikia kengele ikigongwa haraka hivyo.

Baada ya hapo ikabaki kazi ya kupeleka vitu. Wapagazi wa dalali walipakia sahani zote kwenye mkokoteni wakamuuliza muuza vitumbua wazipeleke wapi. Yeye akawatazama wenzake. Wenzake wakamtazama yeye. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya dazeni hata tatu. Nyumba zao zilikuwa kama yetu. Walizungumza kwa kunong'ona muda mrefu, kisha wote kwa pamoja wakageuza nyuso zao kwa mama.

Mama aliniambia baadaye kwamba alijua kabla hawajafungua mdomo. Muuza vitumbua alimwambia kwamba watu wameshazoea njia ya kwetu, na kwamba pangejengwa kibanda cha mabati uani, wao watatoa mabati, na yeye mama awe mtunzaji. Atakayeazima atarudisha, na kikivunjika kimoja ataleta viwili.

"Haya," alisema mama. "Lakini mimi si wifi yangu. Mimi nitaandika."

Hivyo vyombo tulivyovitoa Ijumaa kwa safari tano za mkokoteni vilirudi Jumamosi hiyo hiyo, vikiwa mali ya watu wengine. Baba alikuwa amepata fedha yake na hakuwa amepata nafasi yake. Alinunua cherehani ya pili, akaandika mwanafunzi wa ushonaji, na kwa muda wa miezi miwili, mpaka kibanda kilipokamilika, wote wawili walishona katikati ya masinia. Mama alinunua daftari la jalada gumu. Aliandika kwa mwandiko mkubwa kila kilichotoka na kila kilichorudi, na alikuwa mkali kuliko karani wa mahakama, lakini nilimkuta siku moja ana kikopo cha rangi ya kijani na mswaki wa zamani, anazipaka zile sahani tatu za bati za kikongwe.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, ilikuja barua kutoka kile kijiji. Walitualika kula. Tulipanda gari moshi asubuhi, baba, mama na mimi, tukashuka Igalula, na kijana mwenye baiskeli alikuwa akitusubiri apakie mizigo yetu. Tulitembea saa nzima na kitu. Kijiji chenyewe kilikuwa bado kibichi, nyumba nyingine hazijaezekwa, mistari ya barabara ilichorwa lakini majani yalishaanza kuirudia. Watu wengine walilalamika wazi wazi kwamba mashamba yao ya zamani yalikuwa mazuri zaidi. Yule mwanamke aliyenunua alikuwa ndiye mkuu wa jiko. Alituonyesha meko yaliyochimbwa ardhini kwa kipimo cha sufuria zile, mashimo matatu yenye kingo za mawe, na wali ukitokota ndani yake, na kisamvu, na nyama ya ng'ombe waliyemchinja siku ile.

Aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Baba, ambaye hakuwa msemaji, alikaa kwenye kigoda akamweleza mpaka wali ukaiva. Alianza na zile sahani za udongo alizozikanyaga. Mimi nilikuwa nimezisikia habari hizo, lakini nyingine zilikuwa mpya hata kwangu, na mama alikuwa akisahihisha hapa na pale kwa mambo aliyoyasikia barazani wiki ile ya vyombo.

Tulipoondoka walitupa debe la asali na kuku wawili. Kwenye behewa kuku mmoja alijinasua kwenye kamba akaruka juu ya mapaja ya abiria, na baba, katika kanzu yake nyeupe, akamfukuza kutoka benchi hadi benchi huku behewa zima likimwelekeza amekwenda wapi.